Wani ya tisa mbili: kisa cha mwanafunzi aliyehama PCB katikati ya kidato cha tano

Kisa hiki kilitokea hapa Tanzania katika shule ya bweni ya wasichana, kidato cha tano na sita, ambako nafundisha na kusimamia taaluma. Majina si ya kweli, mkoa siutaji, na mambo madogo mawili matatu nimeyageuza ili mhusika asitambulike hata na aliolala nao bweni moja. Mwenyewe amesoma rasimu, akakata sentensi moja kwa kalamu. Nitaionesha nikifika hapo. Ni kisa cha mtaala uliopita, kabla ya mwaka 2024 ambapo tahasusi (kombi), yaani michanganyiko ya masomo matatu kama PCB ya fizikia, kemia na baiolojia, ziliongezwa hadi 65, ingawa kilichotukwamisha hakikuwa uchache wa tahasusi.

Alikotoka

Zawadi alisoma kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule ya kata ya kutwa, akiishi kwa mjomba wake mwenye duka la dawa muhimu sokoni. Matokeo yake ya kidato cha nne yalikuwa hivi: baiolojia A, jiografia A, Kiswahili A, kemia B, uraia B, historia B, Kiingereza C, fizikia C, hesabu D. Masomo saba bora yakampa pointi 12 (kwetu pointi chache ndizo bora), daraja la kwanza, tunaloliita wani. Wani ya 12 kutoka shule ya kata iliyotoa wani mbili tu mwaka ule ni habari ya mtaa mzima. Mjomba alichinja mbuzi, na tangu siku hiyo wateja wa dukani wakawa wanamwita binti "daktari".

Msomaji aziangalie tena zile herufi mbili za mwisho, maana sisi hatukuziangalia.

Kwenye mtihani wa kidato cha nne, C inaanzia alama 45 na kuishia 64. D inaanzia 30 hadi 44. Matokeo yanapotoka, mwanafunzi na shule tunaona herufi tu, alama yenyewe hatuioni. Aliyepata 46 na aliyepata 63 wote wanakuja kwetu na C, wanakaa dawati moja, na sisi tunawafundisha kama watu waliotoka mahali pamoja.

C ya Zawadi ilikuwa na historia yake. Shule yao haikuwa na mwalimu wa fizikia kidato cha pili chote na sehemu kubwa ya cha tatu. Kidato cha nne alikuja kijana wa kujitolea, mhitimu anayesubiri ajira, akakaa nao miezi mitano. Kwa muda huo alifanya alichoweza: akachukua mitihani iliyopita, akatenga maswali yanayojirudia, akawafundisha namna ya kuyajibu. Nyenzo, msukumo wa Archimedes, pendulumu, kanuni ya Hooke. "Nilikuwa najua swali likija hivi, jibu linakwenda hivi," Zawadi aliniambia baadaye. "Likija kwa upande mwingine, naliacha." Simlaumu yule kijana hata kidogo. Bila yeye, darasa lile lingepata F kwa safu.

Kombi ilivyochaguliwa

Selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi na shule, hujazwa mwanafunzi akiwa bado hajafanya mtihani wa mwisho. Zawadi aliijaza darasani, siku ambayo mwalimu aliyesimamia zoezi alikuwa na wanafunzi zaidi ya mia wa kuwahudumia kabla ya saa nane. Chaguo la kwanza aliandika PCB, la pili CBG (kemia, baiolojia na jiografia). Hakuulizwa swali, na yeye hakuuliza.

Matokeo yakishatoka, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, hufungua mfumo kwa muda ili anayetaka kubadili tahasusi au shule afanye hivyo. Nafasi hii ni ya thamani sana na wengi huipoteza. Wakati huo mwanafunzi ana herufi zake mkononi na bado hajapangiwa shule, kwa hiyo kubadili hakumgharimu kitu. Kwa Zawadi, aliyeingia kwenye mfumo ni mjomba, kwa simu yake mwenyewe. Akaona PCB imekaa juu, akatoka.

Wiki kumi za PCB

Aliripoti Julai na tranka la bati, godoro na kaunta-buku sita. Kitanda chake kilikuwa chini ya cha msichana nitakayemwita Salome, naye wa PCB, naye wa shule ya kata, naye mwenye C ya fizikia. Salome hakuwa sehemu ya kisa hiki tulipokuwa ndani yake. Nimemwingiza baadaye, nilipogundua kwamba bila yeye nisingeelewa chochote kuhusu Zawadi.

Fizikia ya kidato cha tano haimpokei mgeni kwa upole. Mada ya kwanza ni vipimo na makosa ya vipimo, na ukitaka kukokotoa kosa la kipimo kwa namna inayotarajiwa unahitaji utofautishaji (differentiation), ambao mwanafunzi wa PCB ataufikia kwenye BAM, somo lao la ziada la hesabu, wiki nyingi baadaye. Muda si mrefu unakuja mwendo wa kitu kilichorushwa, ambapo mlinganyo mmoja unazaa mwingine na huo unazaa wa tatu. Kila mwaka walimu wa fizikia na wa BAM wanaahidiana kupanga mada zao ziende pamoja. Kila mwaka Agosti inafika.

Jaribio la mwisho wa Agosti: Zawadi alipata fizikia 14, kemia 41, baiolojia 68, BAM 22. Salome alipata fizikia 16. Mtihani wa nusu muhula, Septemba, Zawadi akashuka hadi 11.

Alichofanya baada ya hapo ndicho wanachofanya wasichana wengi wenye bidii wanaposhindwa kwa mara ya kwanza maishani. Aliongeza saa. Prepo, muda wa kujisomea, ikiisha saa nne usiku anabaki darasani hadi walinzi wamfukuze, ananakili madesa (notisi) ya fizikia ya kidato cha sita, ukurasa kwa ukurasa, kwa kalamu ya rangi mbili. Nimeyaona madaftari yale, mwandiko mzuri ajabu. Hakuna swali hata moja alilolikokotoa mwenyewe. Alikuwa anasoma fizikia kama mtu anayekariri historia, kwa sababu njia hiyo ndiyo iliyompa C.

Mwishoni mwa Septemba matroni alinifuata ofisini. "Mwalimu, yule binti wa kitanda cha chini hali chakula cha jioni. Na usiku analia, ila analia ndani ya blanketi." Walimu watano tulikuwa tunamfundisha na hakuna aliyeligundua hilo. Aliyeliona ni mtu anayehesabu sahani.

Nilimwita siku iliyofuata. Alisimama mlangoni, akaamkia, akakataa kukaa. Nikamuuliza kinachomsumbua, akasema fizikia. Nikamuuliza fizikia gani, akasema yote. Hapo nilipaswa kumpa karatasi na swali moja, nikae kimya nimwangalie anavyofanya. Badala yake nilifungua faili lake, nikaona jiografia A, na wazo likanijia la CBG. Likanijia kwa urahisi mno.

Kikao cha Jumamosi

Tulikaa mkuu wa shule, mwalimu wa fizikia, mjomba, Zawadi na mimi. Njia zilizokuwa mbele yetu zilikuwa tatu.

Ya kwanza, abaki PCB hadi mtihani wa Desemba ndipo tuamue. Mwalimu wa fizikia aliitetea kwa nguvu. "Hakuna anayefaulu fizikia mwezi wa tisa," alisema. "Ningekuwa nahamisha kila aliyepata 11, ningefundisha viti." Ana miaka mingi kwenye kazi hii kuliko mimi, na takwimu za darasa lake zilikuwa upande wake: wengi waliokuwa chini ya 20 Septemba huwa wanapanda.

Ya pili, ahamie CBG mara moja. Hii ilikuwa yangu. Hoja yangu ilikuwa kalenda. Kidato cha tano kinaanza Julai na mtihani wa taifa ni Mei ya mwaka wa pili, na katikati kuna likizo, moku (mtihani wa majaribio) na michezo. Mwanafunzi anayehama Oktoba ana wiki kumi za jiografia za kufidia. Anayehama Januari ana zaidi ya hizo, na usajili wa mtihani ukishafungwa hakuna tena mazungumzo. Nilisema pia kwamba msichana huyu anavunjika, na alama zikiendelea hivi hadi Desemba tutamkuta hata baiolojia imekufa. Hilo nililiamini kwa dhati, na bado naliamini.

Ya tatu haikupewa dakika tano. Ufaulu wake ulikuwa unatosha kwenda chuo cha afya kusomea stashahada ya utabibu, na mwenye stashahada hiyo kwa ufaulu mzuri anaweza baadaye kuomba shahada ya udaktari. Ni njia ndefu lakini inaelekea kulekule alikotaka mjomba. Niliitaja. Mjomba aliinua mkono kama anayefukuza nzi. "Mwalimu, wani ya 12 aende chuo cha kati? Nitawaeleza nini watu?"

Mjomba alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi, akafika saa tatu asubuhi na shati lake la kitenge na mfuko wa machungwa kwa ajili ya binti. Si mtu mkali. Alisikiliza, akauliza maswali ya maana, akataka kujua CBG inampeleka mtu wapi. Nikamweleza bila kuficha: kwa CBG hataingia shahada ya udaktari moja kwa moja kutoka kidato cha sita, kwa kuwa vyuo vinataka fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu, na kila moja isipungue D. Atabaki na lishe, kilimo, mifugo, mazingira, ualimu wa sayansi na mengineyo. Akanyamaza. Akamwangalia binti, akasema, "Basi bora apone."

Ndipo mkuu wa shule alipomgeukia Zawadi. Zawadi akasema, "Nitafanya mtakachoamua."

Katika rasimu ya kwanza ya andiko hili, hapa niliandika: "Zawadi alikubali." Hiyo ndiyo sentensi aliyoikata. Pembeni akaandika: "Nilitaka kusema nibaki mpaka Desemba. Lakini mjomba alikuwa ameshakata tiketi ya kurudi, basi la saa saba."

Jumatatu alikuwa CBG.

Baada ya kuhama

Wiki mbili za kwanza zilitupa moyo. Alianza kula. Alinakili jiografia ya wiki kumi kwa siku tisa, na mwalimu wake akamsifu mbele ya darasa, jambo ambalo pengine halikumsaidia, kwa sababu wenzake wa PCB walikuwa tayari wanawaita waliohama "wakimbizi". Aliomba abadilishiwe kitanda. Salome alikasirika, kisha akamsaidia kubeba godoro.

Desemba ikatuonesha kitu. Jiografia 34, kemia 38, baiolojia 63, BAM 19.

Ile A ya jiografia ya kidato cha nne ilikuwa ya kweli, lakini ilitokana na kueleza: sababu za mmomonyoko, faida za mabwawa, matatizo ya miji. Kidato cha tano kina upande wa pili, jiografia ya vitendo, yenye usomaji ramani, upimaji ardhi na takwimu, na huko kuna mizani, mteremko na mkengeuko sanifu. Kemia nayo ilikuwa inashuka palepale zilipoanza gesi na mizania ya kikemikali. Tulikuwa tumemtoa kwenye fizikia, na ugonjwa ukamfuata kwenye masomo yote matatu yaliyobaki yenye namba.

Aliyeugundua ni mwalimu wa BAM, Januari, tena kwa bahati. Alikuwa akipita kati ya madawati akamkuta Zawadi amekwama kwenye zoezi la kutafuta kigezo. Akachukua karatasi akamwandikia mlinganyo rahisi wa kitu kinachoanguka, h = ½gt², akamwambia amtafutie t. Zawadi akaandika t = h − ½g. Akaiangalia, akaipigia mstari, akaamini amemaliza.

Mwenye kufundisha hesabu ataelewa ukubwa wa jambo hili. Kinachozidishwa alikitoa, na kipeo hakukiona kabisa. Hili ni somo la kidato cha kwanza na cha pili. Binti alikuwa anakumbuka kila kanuni ya fizikia neno kwa neno, lakini kanuni ikitaka kugeuzwa kidogo tu, mlango unafungwa. Miezi sita tulikuwa tunasema "fizikia inamshinda". Na ile D ya hesabu ilikuwa kwenye faili lake tangu Julai, mstari mmoja chini ya ile A ya jiografia iliyonivutia.

Tukapanga dawa, na dawa yenyewe ilikuwa ya kizamani. Dakika 40 kabla ya prepo, siku tatu kwa wiki, na vitabu vya hesabu vya kidato cha kwanza na cha pili tulivyoazima shule jirani. Hakufundishwa na mwalimu. Alifundishwa na msichana wa EGM (uchumi, jiografia na hesabu) wa kidato chao, mtoto mwenye subira kama ya bibi, kwa sababu Zawadi aliona aibu kufungua kitabu cha kidato cha kwanza mbele ya mwalimu. Walikaa stoo ya vifaa vya michezo ili wasionekane. Wiki 14. Mwishoni mwa Mei kemia ilikuwa 55.

Kidato cha sita sitakieleza sana, kilikuwa cha kawaida: kazi, malaria mara moja, moku ya mkoa iliyowatisha wote, usiku mwingi wa msuli. Jiografia ya vitendo ilikuja kuwa karata yake, kitu ambacho hakuna aliyekitarajia.

Matokeo

Zawadi alipata baiolojia B, jiografia C, kemia D, na BAM E. Kwa hesabu ya kidato cha sita B ni pointi 2, C ni 3, D ni 4. Jumla 9. Daraja la kwanza, pointi 9.

Salome alibaki PCB. Fizikia 16 ya Agosti ikawa 29 Desemba, ikawa 47 mwisho wa kidato cha tano. Kwenye mtihani wa taifa alipata C tatu, na C ya kidato cha sita, tofauti na ile ya kidato cha nne, inaanzia 60. Tatu mara tatu, pointi 9. Daraja la kwanza, pointi 9.

Ubaoni, siku matokeo yalipobandikwa, majina yao yalifuatana na namba zao zilikuwa sawa. Mmoja angeweza kuomba udaktari, mwingine hangeweza. Salome aliuomba kwenye vyuo vitatu, akakosa vyote awamu ya kwanza, maana sifa ya chini ni jambo moja na ushindani ni jingine. Awamu iliyofuata akapata sayansi ya maabara za tiba. Zawadi yuko mwaka wa pili wa shahada ya lishe ya binadamu. Mjomba, aliyekuwa akinipigia kila Ijumaa, alinipigia mara moja baada ya matokeo kunishukuru kwa adabu, na hajapiga tena.

Uchambuzi

Niseme kwanza nisichojutia. Kumwondoa mtoto kwenye mazingira yaliyokuwa yanamvunja ulikuwa uamuzi halali. Pia tuliheshimu kalenda. Nimeona shule zinazomwachia mwanafunzi abadili kombi Machi, akaishia na somo moja ambalo hajasoma nusu yake. Na yale masomo ya stoo ya michezo yalifanya kazi, nadhani kwa sababu mbili: yalianzia kwenye kosa lililoonekana kwa macho, na yalifanyika mahali ambapo aibu haikuingia. Tungemweka darasani na "wadhaifu" wengine tungempoteza.

Tulichokosea ni kutibu kabla ya kupima. Zawadi na Salome walikuja na C ya fizikia kila mmoja, wakaanguka pamoja Agosti, 14 na 16, na kwa kanuni ile niliyokuwa nayo kichwani, ya "chini ya 20 ahame", wote wawili walistahili kuhama. Salome hakuitwa ofisini kwa sababu tu hakulia. Tofauti yao haikuwa kwenye fizikia. Salome alikuwa na B ya hesabu. Fizikia hakuwa amefundishwa, basi, na alipofundishwa akapanda. Zawadi alikuwa amefundishwa majibu ya fizikia na hakuwa na hesabu ya kuyabeba. Jaribio la fizikia la Agosti liliwapa wote wawili alama karibu sawa, kwa sababu jaribio la fizikia halitenganishi mambo hayo mawili. Swali moja la aljebra lingewatenganisha kwa dakika mbili.

Je, angebaki PCB, akapewa zile wiki 14 kuanzia Oktoba badala ya Januari, angefaulu? Nimejiuliza sana. Kemia yake ilipanda kutoka 38 hadi 55 baada ya aljebra kunyooshwa, na kemia ya kidato cha tano si somo la huruma. Lakini kemia alikuja nayo ikiwa B, ameshafundishwa. Fizikia angeianza karibu sifuri. Nadhani angepata D, pengine E. Na E isingemfungulia mlango ule aliotaka mjomba, ingemharibia tu daraja. Kwa hiyo inawezekana tulifika mahali sahihi kwa njia mbovu. Hilo halinitulizi, kwa sababu njia ileile mbovu ingemfikisha Salome mahali pabaya.

Mwalimu wa fizikia alikuwa na haki nusu. Ni kweli Septemba ni mapema kumhukumu mtu kwa fizikia. Ila kusubiri bila kupima nako kusingemsaidia Zawadi. Angefika Desemba na madaftari mazuri zaidi.

Kuna suala la kikao chenyewe. Tulikuwa watu wazima wanne na mtoto mmoja, na mtoto akaulizwa mwishoni, baada ya mkuu, mwalimu na mjomba kuonesha wanakoelekea. Kwa malezi yetu, binti wa miaka 18 mbele ya mjomba aliyesafiri usiku kucha atasema nini? Tulichokiita ridhaa kilikuwa adabu. Nilikiandika kwenye faili kama ridhaa, na miaka kadhaa baadaye nikakiandika tena kwenye rasimu.

Jingine ni lile la mjomba na chuo cha kati. Sikumpa hoja yoyote, nilitaja tu nikaacha. Kwa binti mwenye hesabu ya namna ile na hamu ya kutibu watu, stashahada huenda ndiyo ilikuwa njia fupi zaidi, ingawa kwa jina inaonekana ndefu. Sisi walimu wa kidato cha tano na sita hatuipigii debe kwa sababu moja rahisi: anayeondoka anapunguza idadi ya wani zetu.

Tunachofanya sasa

Wiki ya kwanza ya Julai, kabla ratiba haijatulia, wote wa PCB, PCM (fizikia, kemia na hesabu), CBG na EGM wanapewa karatasi ya maswali 12 ya aljebra ya kidato cha kwanza na cha pili. Hakuna alama inayobandikwa ubaoni. Anayekosa anapelekwa stoo ya michezo, ambayo sasa ina meza. Wanafunzi wanaiita "zahanati", jina walilolibuni wenyewe.

Anayetaka kubadili kombi, au ambaye sisi tunataka abadili, anazungumza nami peke yake kabla mzazi hajaingia, na anachosema naandika kwa maneno yake. Kikao na mzazi kinafuata siku nyingine au mchana wa siku ileile, na tunauliza kwanza basi lake linaondoka saa ngapi.

Mwaka jana msichana mmoja wa PCB alikaa mbele yangu kimya hadi nikadhani hatasema kitu. Kisha akasema anataka kwenda HGL (historia, jiografia na Kiingereza). Mwalimu wa fizikia hajanisamehe mpaka leo. Nusu muhula binti huyo alikuwa amepata 58 ya fizikia, wa kwanza darasani.